Tusimpumzishe Mukecuru: Mafunzo Niliyopata Kuhusu Ibada, Uzee na Akili

Nilifanya kazi ya uuguzi huku Rusizi, Rwanda, tangu watu walipokuwa bado wanaiita Cyangugu, hadi nilipostaafu. Nimezaliwa Bugarama katika nyumba ya Kiislamu, nikaolewa Kamembe katika nyumba ya Wapentekoste, na wazee wa pande zote mbili nimewauguza hadi siku zao za mwisho. Nikizungumzia ibada na akili ya mzee, basi, nina baba aliyekuwa mtu wa msikiti na mama mkwe aliyekuwa mtu wa kanisa. Wote wawili walinifundisha kwa kunikatalia, maana mimi na koti langu jeupe tulikuwa wagumu wa kusikia.

Wewe unayesoma najua unachotaka. Unataka mama yako afike miaka tisini akimwita kila mjukuu kwa jina lake. Pengine wewe ni mchungaji, imamu au mwalimu wa korali, na unataka kuanzisha jambo kwa ajili ya wazee wako. Pengine umeshavuka hamsini, juzi umetafuta miwani ukiwa umeivaa, na hukucheka. Mafunzo yangu haya hapa. Sikuyapanga kwa uzito wala kwa tarehe. Mengine ni marefu kwa sababu yaliniuma zaidi.

Somo la 1: Mzee apumzishwe na mwili wake, si na watoto wake

Mama mkwe, mukecuru wetu kama tunavyowaita mabibi wazee huku, alikaa Cyangugu ya chini, kando ya Ziwa Kivu, karibu na daraja la Rusizi ya Kwanza tunalovukia kwenda Bukavu, upande wa Kongo. Kanisa lake lilikuwa juu, upande wa Kamembe. Anayeijua barabara ile anaujua mlima wake: hata kijana akifika juu hukaa kimya kidogo kabla ya kusalimia watu. Yeye aliupanda kila Jumapili, kitenge kimepigwa pasi, Biblia na kitabu cha nyimbo ndani ya mfuko wa kitambaa, mkongojo mkononi. Wazazi wake walikuwa wamesikia mahubiri ya wamisionari wa Kiswidi waliotokea Kongo na kuanza kazi Gihundwe mwaka 1940, na yeye alilelewa humo humo. Kukosa ibada, kwake, lilikuwa jambo la kueleza mbele ya watu.

Sisi watoto tuliona mateso. Alikuwa na magoti mabovu, mara moja aliteleza kwenye tope, na majirani walikuwa wameanza kutusema. Tukakaa kikao, mimi nikiwa msemaji mkuu kwa kuwa ndiye niliyekuwa nesi, tukaamua kumnunulia redio nzuri. Neno la Mungu ni lile lile, nikamwambia, sasa utalisikia ukiwa umekaa, chai mkononi. Alinitazama, akashukuru kwa adabu kama mtu anayepokea zawadi ya msiba.

Miezi michache baadaye alianza kuuliza leo ni siku gani. Kisha akauliza mara mbili ndani ya chai moja. Alilala mahubiri yakiendelea redioni. Wanawake wa kanisa waliomtembelea mwanzoni walipungua, kila mmoja na shughuli zake. Tukasema, ni uzee.

Kilichonishangaza nilikielewa kwa kuchelewa: mahubiri hakuyakosa hata kidogo. Alichokosa ni Jumamosi. Jumamosi alikuwa akifua, akipiga pasi, akitenga sadaka, akikumbuka zamu ya kumtembelea mgonjwa ni ya nani. Jumapili njiani alipumzika kwenye baraza za watu, na kila baraza ilikuwa na habari yake: nani kajifungua, nani kavuka kutoka Bukavu, samaki wa sambaza sokoni bei gani. Alipofika juu alikuwa amekwisha kutembea, kuhesabu, kukumbuka majina, kubishana na kucheka. Ibada yenyewe ilimkuta akili imeshaamka. Sisi tulimwachia sauti ya redio tukamnyang'anya wiki nzima.

Baadaye tulibadilisha mpango. Alipanda mlima polepole na mjukuu wake, akarudi kwa pikipiki ya dereva tunayemfahamu. Sitasema alipona; mambo mengine yalikuwa yameshaondoka. Lakini Jumamosi ilirudi, na alianza tena kunisahihisha.

Kwa hiyo mzee wako akisema hawezi, msikilize. Akiwa hajasema, usimsemee. Tafuta fimbo nzuri, viatu visivyoteleza, mtoto wa kuongozana naye, nauli ya kurudi. Punguza hatari ya safari, safari yenyewe iache.

Somo la 2: Kiti cha mbele hakimsaidii asiye na kazi

Sisi huku tunawaheshimu wazee sana, na heshima yetu wakati mwingine huwazika. Tunawaweka mbele, tunawapigia makofi, tunawaletea fanta, kisha tunafanya kila kitu sisi.

Baba yangu pale Bugarama alikuwa fundi cherehani. Jioni aliwafundisha watoto herufi za Kiarabu kwenye baraza la msikiti. Hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na fimbo ambayo sikumbuki kama aliwahi kuitumia, na alikuwa na mpangilio kichwani wa nani amefika wapi katika kusoma. Akaja kijana mwenye elimu nzuri, kweli nzuri, akakabidhiwa watoto. Baba akapewa mkeka wa mbele na dua ya kufungia. Watu walidhani wamempandisha cheo. Mimi pia nilidhani hivyo, nikamwambia sasa ale raha ya uzee.

Mwaka huo huo baba alianza kupotea katikati ya maneno. Siwezi kuapa kwamba jambo moja lilileta jingine. Alikuwa na kisukari, na kisukari nacho hula kumbukumbu. Ila nakumbuka siku yule kijana mwenyewe, Mungu ambariki, alipokuja nyumbani kusema kuna watoto wawili hawashiki kabisa, mzee angemsaidia? Baba alikwenda. Alirudi akiwa amechoka, amekasirika kidogo, akaanza kunieleza kosa la kila mmoja wa wale watoto, herufi kwa herufi. Kwa muda mrefu sikuwa nimemsikia akieleza jambo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kazi ya mzee iwe kazi kweli. Kipimo changu ni hiki: akiisahau, je, kuna mtu atakayeona? Kama hakuna, hiyo si kazi, ni pambo. Kutunza ufunguo wa stoo ni kazi. Kukumbuka familia zilizofiwa na siku za kwenda kuwatembelea ni kazi, na wazee wetu huifanya vizuri kuliko daftari. Kumfundisha bibi harusi mtarajiwa ni kazi. Kukaa mbele umevaa vizuri si kazi, ingawa mimi mwenyewe siku hizi nimeanza kukipenda kile kiti.

Somo la 3: Kuimba vizuri si kipimo

Hapa ndipo nilipojiaibisha hasa, na nilikuwa na miaka mingi ya kazi.

Ilikuwa siku mama mkwe alipomwita mume wangu, mwanawe wa kuzaa, kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Tulinyamaza wote. Jioni kabla ya kulala akaanza wimbo kutoka kitabu cha nyimbo cha Kinyarwanda, ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho, bila kukosea neno, na sauti ya pili akaishika sawasawa. Nikatoka sebuleni nikitabasamu. Nikawaambia, mama yuko salama, alikuwa amechoka tu; mtu asiye na akili hawezi kuimba hivi. Mume wangu aliniamini. Nani asingemwamini nesi?

Wiki iliyofuata alibandika maharage, akatoka, akafunga mlango, akaenda kumngoja kwenye uzio rafiki ambaye tulikuwa tumeshamzika. Jirani ndiye aliyeona moshi.

Nilichopaswa kukijua ni kwamba nyimbo za utotoni, kama sura za Kurani alizokariri baba akiwa na miaka saba, ni miongoni mwa vitu vya mwisho kuondoka. Zilirudiwa maelfu ya mara, zimebebwa na mdundo na pumzi na mwili mzima. Ugonjwa unaweza kuwa umeshafika mbali, na wimbo ukabaki umesimama kama jiko la mawe baada ya nyumba kuungua. Ukitaka kujua hali ya mzee wako, usimwombe asali Baba Yetu au asome Al-Fatiha. Muulize leo mhubiri kasema nini. Muulize nani kakaa karibu naye, wamekujaje, watarudije. Mambo mapya ndiyo huanza kuvuja.

Lakini usiniambie basi nyimbo hazina maana. Siku ambazo mama mkwe alikataa kuoga, alikataa kula, hakututambua, mjukuu wake alianza wimbo naye akajiunga, na katikati ya wimbo tulimvua, tukamuosha, tukamvalisha. Wimbo ulikuwa mlango tuliobakiwa nao. Hakuna dawa niliyowahi kuwapa wagonjwa ikafanya kazi hiyo.

Kuna jambo la tatu, na hili ni lako wewe ambaye bado uko sawa. Korali nyingi za wazee huimba zile zile za zamani, kwa kuwa wanazijua na watu hulia. Akili haifanyi kazi kubwa inapoimba inachokijua. Jifunze wimbo mpya. Kama uliishia juzuu moja, anza nyingine, hata aya moja kwa wiki. Utakosea, utachekwa na vijana. Mimi nimejaribu sauti ya tatu kwenye wimbo mpya wa korali yetu, na mwalimu wa korali, mvulana niliyempa chanjo akiwa mtoto, amenisihi nirudi sauti ya kwanza. Sijarudi.

Somo la 4: Masista wa Marekani hawakusema nilichodhani wamesema

Nilipokuwa nimeanza kujisomea habari hizi nilikutana na utafiti maarufu wa watawa. Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon alianza kuwafuatilia masista wa shirika la School Sisters of Notre Dame nchini Marekani. Hatimaye walikubali masista 678, wote wenye miaka 75 na zaidi. Walipimwa kumbukumbu kila mara, na wakaahidi kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Mmoja wao, Sista Mary, alikufa akiwa na miaka 101, vipimo vyake vya akili vikiwa vizuri. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa umejaa alama za ugonjwa wa Alzheimer.

Nikalibeba hilo hadi kwenye semina ya akina mama. Nikasimama, nikasema: mnaona, sala inalinda ubongo! Nilipigiwa vigelegele.

Niliporudi nyumbani nikaendelea kusoma, masikio yakawaka moto. Masista wote walikuwa wakisali. Walikula chakula kimoja, hawakuvuta sigara, walikwenda kanisani pamoja. Walichaguliwa kwa sababu hiyo hasa, wafanane. Na bado wengine walipoteza kumbukumbu na wengine hawakupoteza. Kwa hiyo sala haiwezi kuwa ndiyo iliyowatofautisha. Kilichojitokeza, katika matokeo ya 1996, ni maandishi: wakiwa wasichana wa miaka kama 22, kabla ya kuweka nadhiri, waliandika kwa mkono kisa kifupi cha maisha yao. Wale walioandika sentensi zilizojaa mawazo walikuwa na akili imara zaidi walipozeeka. Wale wa sentensi kavu waliathirika zaidi.

Fikiria maana yake kwetu, ambako mabibi wengi hawakupelekwa shule. Makanisa mengi ya huku yameendesha madarasa ya kusoma na kuandika kwa watu wazima, ili mtu ajisomee Biblia yake. Misikiti imefundisha watoto kusoma kabla ya shule kufika kijijini. Kama unatafuta mahali ambapo dini imegusa akili za wazee wa kesho, naona ni hapo kwanza, kwenye ubao na chaki. Kwenye ile semina sikuligusa.

Utafiti mwingine unasogea karibu zaidi na swali lenyewe. Mwaka 2006 Terrence Hill na wenzake walichapisha habari za Wamarekani wenye asili ya Mexico, wenye miaka 65 na zaidi, waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Wale waliohudhuria kanisani mara moja kwa mwezi au zaidi, akili zao zilipungua polepole kuliko za wasiohudhuria. Ni habari njema, lakini muulize anayekusomea: nani huacha kwenda kanisani? Ni yule aliyeanza kusahau njia, anayeona aibu kwa kuwa amesahau majina, asiyesikia vizuri. Pengine kanisa halikumlinda aliyekwenda. Pengine aliyeanza kuugua ndiye aliyeacha kwenda. Watafiti hujitahidi kulitenganisha hilo kwa hesabu zao, na halitenganishiki lote.

Ndiyo maana mwaka 2020 siusahau. Mwezi wa Machi, kwa ajili ya korona, nyumba za ibada zilifungwa nchi nzima, na mpaka wetu na Kongo pia. Juni, wengine walipoanza kupumua, sisi Rusizi tukafungiwa tena. Safari hii hawakuacha ibada wale waliokuwa wameanza kuugua tu; waliacha wote, wazima na wagonjwa, siku moja. Na mimi, niliyekuwa nikiwapigia simu wazee wa mtaa wetu, niliwasikia wazima wakipungua: maswali yanarudiwa, siku zinachanganywa, sauti inakuwa ndogo. Huo si utafiti. Kulikuwa na hofu, hakukuwa na soko, wajukuu hawakuja. Lakini tangu hapo mtu akiniambia wanaokwenda kanisani huenda kwa sababu tu ni wazima, namjibu kwamba sikubali yote.

Somo la 5: Kabla ya kumfukuzia mzee mapepo, tazama masikio yake

Mzee mmoja alikuwa akijibu mambo asiyoulizwa. Akiulizwa hali, anajibu habari za ng'ombe. Walimwombea, wakafunga kwa ajili yake, na baadhi ya watu walianza kunong'ona jina la jirani aliyemroga. Nilipofika nilimtazama masikioni. Nta ilikuwa imeziba kote kama lami. Matone ya mafuta siku chache, kuosha kwa maji ya vuguvugu, na mapepo yakatoka upande mmoja baada ya mwingine.

Nacheka sasa. Ila wapo niliowapita mimi mwenyewe, nikaandika "uzee" kwenye daftari bila kushika hata mashine ya presha.

Ripoti ya mwaka 2024 ya tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa demensia, yaani kupungukiwa akili na kumbukumbu, ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kupoteza usikivu ni miongoni mwa mawili yaliyo mazito kuliko yote. Kutoona vizuri kumo, presha, kisukari, huzuni, pombe, tumbaku, kutofanya mazoezi, shule ndogo. Kukaa bila watu kumo pia. Sala haimo katika orodha, wala mimi sikuitarajia humo. Lakini tazama tena orodha yenyewe, uone ni mangapi kanisa au msikiti unaweza kuyagusa ukiamua: spika zipunguzwe makelele, kwa kuwa mwenye sikio bovu zikivuma ndiyo hasikii kabisa, mjumbe wa afya aje na mashine ya presha baada ya ibada, mituweli, bima ya afya, ya mukecuru asiye na mtu ilipwe kutoka kwenye sadaka.

Na kuna jambo la haraka ambalo nataka ulishike hata kama utasahau mengine yote. Demensia kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo anaongea na ukuta, huyo si mzee anayezeeka, na si mzee aliyerogwa. Huenda ana malaria, ana maambukizi ya mkojo, amekaukiwa na maji, sukari imeshuka, ameanguka akagonga kichwa, au dawa fulani imemzidi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mwombeeni mkiwa njiani.

Baba alinifundisha hilo katika Ramadhani. Bugarama ni bondeni, joto lake si la Kamembe, na yeye akiwa na kisukari na dawa zake alifunga kimya kimya tukidhani anakula daku na futari tu kwa kutusindikiza. Alasiri moja alianza kunitukana, mimi binti yake, kwa maneno ambayo sikujua kama anayajua. Jasho jingi, mikono inatetemeka. Ilikuwa sukari. Tulimnywesha chai yenye sukari nyingi, na kabla ya magharibi alikuwa baba yetu tena, ameona haya, hataki kuambiwa alichosema. Mimi nilimkaripia kitabibu, hakunisikia. Imamu wa msikiti alikuja akakaa naye kwa upole, akamkumbusha kwamba mzee na mgonjwa wameruhusiwa kula na kulisha maskini badala yake. Alikubali kwa imamu alichokataa kwa nesi. Tangu hapo, nikitaka mzee ameze dawa zake za presha, simtafuti daktari, namtafuta mchungaji wake.

Kule wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambako demensia ya wazee imechunguzwa kwa muda mrefu, watafiti waliwafuata hata waganga wa jadi na viongozi wa dini kuwauliza wanavyouelewa ugonjwa huu, kwa sababu familia huanzia kwao. Huku kwetu ni vivyo hivyo. Hospitali ya Ndera, ya magonjwa ya akili, wengi huogopa hata jina lake, na kumtaja mtu pamoja na Ndera ni tusi. Kiongozi wa dini akisema hadharani, "huyu mama ni mgonjwa kama mwenye kisukari alivyo mgonjwa", amefanya kazi ambayo sisi wa hospitali hatukuiweza.

Somo la 6: Si kila mlango wa kanisa ni kimbilio

Hili ni fupi kwa sababu sina haki ya kulirefusha.

Nilimshauri mgonjwa wangu mmoja, mjane, mpole, aliyekuwa akikaa ndani siku nzima, arudi kanisani apate watu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama najua ni kanisa gani. Nilijua. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu wa kwetu walikimbilia Mibilizi, Shangi, Nyamasheke, wakauawa huko huko walikokimbilia. Nilikuwa nimesoma faili lake lote isipokuwa maisha yake.

Wapo manusura waliorudi kwenye benchi lile lile na wakapata nguvu hapo, na wapo ambao hawatalikanyaga tena, na Mungu anajua wote. Huyu wangu alijiunga na wajane wenzake wa AVEGA Agahozo, chama kilichoanzishwa mwaka 1995. Walikuwa na kikapu cha kusuka, kikundi cha kuweka akiba ambapo kila mmoja alipaswa kukumbuka zamu na deni, na asipofika alifuatwa nyumbani. Yote niliyokuwa nikiyasifia kwenye ibada yalikuwa pale, bila kengele.

Somo la 7: Anayemwangalia mgonjwa naye ana Jumapili

Mama mkwe alipofikia hali ya kutoachwa peke yake, mtu mmoja katika familia aliacha kwenda kanisani kabisa. Hakuna aliyemwamuru. Ilitokea tu, kama inavyotokea katika kila nyumba: alikuwa mke wa mdogo wa mume wangu, yule asiyekuwa na kazi ya ofisi. Jumapili sisi tulivaa, tukapita kumsalimia mama, tukamwambia huyu "Mungu akubariki kwa unavyomtunza", tukaenda kuimba. Alipoanza kunenepa, kulia bila sababu na kusahau vyakula jikoni, nilimtafutia vitamini.

Aliyesema ni mtoto wake, wakati wa chakula, mbele ya watu wote: mama yangu hajaimba tangu mwaka jana. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, na korali ilikuwa imeshampa mtu mwingine kitabu chake.

Tuliandika zamu kwenye karatasi tukaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Jumapili ya kwanza ya mwezi mume wangu alikaa na mama, ya pili mimi, ya tatu wajukuu wakubwa wawili pamoja, ya nne jirani yetu Mwislamu ambaye yeye siku yake ni Ijumaa na alijitolea mwenyewe. Ijumaa nasi tulimkalia mama yake. Mume wangu alilalamika kwamba yeye ni mzee wa kanisa, anangojwa. Tulimwambia watamngoja. Siku ya zamu yake ya kwanza aliunguza uji, akanipigia simu katikati ya ibada kuuliza khanga kavu ziko wapi, na sikupokea. Nilikuwa nimekaa nyuma ya korali, namsikiliza mke wa shemeji akitafuta sauti yake katika wimbo ambao walikuwa wamejifunza bila yeye.